Kikohozi cha Kibirizi

Nilimrekodi kwa simu Mama Ntahondi
akigeuza dagaa mchangani, akiimba kwa puani.
Usiku, chumbani Mwanga, godoro nimeliegemeza mlangoni,
nikamsafisha:
upepo nje, kunguru nje,
na kile kikohozi cha katikati, nje.

Kulipokucha, wasikilizaji elfu arobaini.
Kopa nyekundu zinamiminika kiooni,
na mimi dukani kwa Sadala
bado nakopa mkate.

Nikampelekea, spika nimeifunga kwenye baiskeli.
Akasikiliza mpaka mwisho, vidole vina magamba.

"Sauti ni yangu," akasema.
"Ila hapa katikati
nilimkumbuka marehemu.
Pamekwenda wapi?"

Nikajifanya natafuta, natafuta.
Ile ya kwanza nilishaifuta.
Simu ilikuwa imejaa.