Daftari la Mweka Hazina

Machi, na barafu ya Dimbwi la Oskar bado yabeba lori.
Ndio wakati wetu. Mwezi wa Mei tutahitaji mashua,
na mashua hatuna.

Orest Babiuk atangulia na keekee ya kutobolea barafu,
goti lake la kushoto likilalama kila hatua;
nyuma yake mimi, navuta sleji ya mjukuu
iliyosheheni majani makavu ya kitani.
Nyumba za bata ni mapipa ya waya, urefu wa mkono,
yamelazwa juu ya vyuma tulivyovichomeka kwenye tope,
juu kuliko mbweha, juu kuliko rakuni mwenye njaa.
Twang'oa majani ya mwaka jana, twashindilia mapya.
Vidole vyafa kwanza, halafu masikio,
halafu ule mzaha wa Orest kuhusu mkwewe.
Nyumba thelathini na nne. Kodi hakuna.

Pesa ya waya ilitoka kwenye karamu ya Oktoba:
pirohi za Verna, tiketi za bahati nasibu dola tano tano,
na dalali Cyril mwenye sauti ya kung'oa misumari.
Mwisho kabisa akainua bata wa mti,
kachongwa unyoya kwa unyoya na mjane wa Tollefson.
Gordon Lindqvist akapandisha, akapandisha,
mpaka dola mia tisa. Ukumbi ukasimama.
Niliandika tarakimu ile mara mbili kwa furaha,
kisha nikaifuta moja.

Wiki mbili baadaye, kabla ardhi haijaganda,
katapila la Lindqvist lilichimba mfereji
na dimbwi lake la kaskazini likaondoka usiku mmoja,
kama mpangaji anayedaiwa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini nimeona pia haba na haba ikikimwaga:
mfereji mmoja, upana wa mlango,
na kwa jirani mmoja, na kwa jirani wa jirani,
hadi huko chini mto unaingia jikoni
kwa watu ambao hawajawahi kumwona bata.

Sikumrudishia hela zake.
Nililifikiria hilo, usiku mzima nililifikiria.
Waya haujui nani kaulipia.
Jumapili kanisani twapeana mikono.
Bata wake wa mti yuko dirishani,
anatazama shamba lililonyooshwa kama shuka,
hana pa kutua.

Februari tulikwenda Regina, watu saba gari moja.
Kamati ilitupa dakika tatu kila mtu.
Nilikuwa na takwimu; zikanitoroka.
Nikasema: Bwana Mwenyekiti,
zamani usiku wa Mei kwetu ulikuwa na kelele,
mume wangu alikuwa akifunga dirisha apate usingizi.
Siku hizi nasikia jokofu.
Mmoja wao alicheka. Mwingine aliacha kuandika,
sijui kama ni jambo jema.
Barua ikaja: Maoni yako yamepokelewa.
Nimeibandika kwenye jokofu hilo hilo.

Na sasa Mei.
Mashua tumeazima. Ni ya Lindqvist.
Hakuuliza ya nini. Alikuwa ameiosha,
na chini ya ubao wa kukalia aliacha makasia mapya,
bei yake bado imening'inia.
Hatukusema kitu, wala yeye.

Nyumba ya kwanza tupu. Ya pili tupu.
Ya tisa, maganda ya zamani na harufu ya kunguru.
Orest hana tena mzaha.
Ya kumi na saba, kabla sijaigusa,
jike akafyatuka usoni pangu, maji na mabawa,
nusura niende majini na kofia yangu.
Ndani, chini ya manyoya aliyojinyonyoa kifuani,
mayai kumi na moja, rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Nililigusa moja kwa mgongo wa kidole.
Joto.

Nyumbani nikafungua daftari, nikaandika 11
chini ya mapato, kwa kalamu isiyofutika.
Safu haikulingana.
Orest, mkaguzi wetu, akavaa miwani, akaipitia mara mbili,
akatia sahihi.