Waya wa Kuanikia

Nilitaka kamba. Marehemu Chingwile akaleta waya,
akaufunga kwenye mkorosho wa uani, akaukaza kwa koleo,
akasema: huu hautakatika hata ukianika magodoro.
Kweli, haukukatika.

Mwaka wa kwanza waya ulikata gome.
Mwaka wa pili gome likaumeza.
Juu ya kovu shina likavimba kama shingo yenye rovu,
na mabibo yakawa matamu, matamu mno,
nyuki walilewa kabla uraka haujachacha.
Kitangari nzima ikanisifia mti.

Ndipo akapita bwana shamba, kijana wa kina Nandonde.
Alikwangua kwa kisu, akanusa kidole.
“Mama, maji hupanda kwa ndani, kwenye mbao.
Waya hauyafikii, ndiyo maana majani bado kijani.
Sukari njia yake ni hii,” akagusa utando mwembamba,
wenye unyevu, chini ya gome.
“Nayo haijui juu wala chini.
Jani likiipika, maji huifuata, kisha huisukuma
toka penye shibe kwenda penye njaa:
kwenye bibo, kwenye ncha, kwenye mizizi.
Ya mizizi imekwama hapa.”

Habari hiyo sikuhitaji kurudiwa.
Ni sisi na korosho zetu:
tumepima, tumekabidhi magunia ghalani,
stakabadhi tumeifunga kwenye pindo la khanga,
na malipo ya pili yako njiani,
yako njiani.

Mizizi ilipandisha maji kila asubuhi,
haikugoma. Ilikula akiba yake gizani
huku juu watu wanaramba vidole
kwa utamu uliokuwa haki yake.
Na mimi nilikuwa mmoja wao,
nikianika shuka, nikiimba.

Waya hautoki tena. Umekuwa mfupa.
Tawi la mashariki limekauka,
linagonga bati usiku kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ila jana, nikifagia, chini ya kovu,
karibu kabisa na udongo,
nimeona chipukizi: majani manne, mekundu bado,
laini kama sikio la mtoto.
Litapika kidogo, litashusha kidogo,
bila kupita kwa waya.

Nimelizungushia miiba, mbuzi wasilione.
Godoro nimeliegemeza ukutani.
Litakauka litakapokauka.