Nne na Nne

Kipande kile, Kazumari, pale msumarini
ninapotundika funguo za duka,
kilichojikunja kama mjusi aliyekaushwa na jua,
si pambo.
Ni waya wa milimita nne. Ulikuwa mwekundu.
Niliuua mimi.

Ilikuwa Keko, bandani kwa Bi Havijawa, mwoka mikate.
Mwanawe kamtumia tanuri kutoka Marekani,
limekuja ndani ya kontena la magodoro na baiskeli,
mlango mzito kama wa benki,
na ubavuni kibandiko cha rangi ya fedha: waya namba nne.
Nikasoma nne. Nani asiyeijua nne?
Nikaenda Gerezani, nikamwambia Faki wa dukani,
"Nipe nne, mita kumi na mbili."
Akapima kwa mkono, akaniongezea shubiri ya urafiki.
Breka nayo niliifuata kama ilivyoandikwa, ampea sabini.
Breka kubwa, waya mwembamba:
mlinzi kiziwi mlangoni.

Saa kumi alfajiri unga umeumuka.
Bi Havijawa akawasha.
Kwanza harufu, ndala inaungua.
Kisha ukuta ukatoka jasho jekundu,
likachirizika mpaka kwenye sinia la maandazi ya jana.
Alizima kwa mpini wa ufagio, yule mama,
akakaa juu ya ndoo.
Hakunigombeza. Alisema tu,
"Kumbe umeme nao una makabila."

Nililipa magunia matatu ya unga.
Usiku sikulala. Nne ni nne, nilijiambia,
hata msikitini, hata sokoni.

Aliyenifungua macho ni Tusajigwe,
fundi wa majokofu ya samaki kule Kurasini,
mdogo kwangu kwa miaka saba, na maringo yake.
Alikata waya, akanionyesha uso wa shaba.
"Sisi tunapima huu uso,
kama unavyopima chumba kabla ya kununua vigae.
Wao zamani walihesabu safari:
shaba imevutwa tunduni mara ngapi,
tundu dogo, kisha dogo zaidi,
mpaka ikakonda.
Namba yao, dada, ni uchovu wa waya."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka,
maana nne yao, iliyochoka kidogo tu,
ni milimita ishirini na moja zetu na chembe.
Dukani hakuna ishirini na moja. Unapanda hadi ishirini na tano.
Na mimi nilipeleka nne!
Nilimfunga ng'ombe kwa uzi wa cherehani.

Tangu hapo nimeandika kwa kalamu ya wino mzito
nyuma ya mlango, pale unapotundika shati lako:

Namba ikipanda juu, waya huzidi kukonda,
Ukishusha, mwili huu, unanona na kuwanda,
Hatua tatu, mkuu, nusu ya shaba huenda,
Ukikwama katikati, wewe chukua mnene.

Usicheke vina vyangu. Vimeokoa nyumba.
Kumi na nne yao ni mbili na kidogo: toa mbili na nusu.
Kumi na mbili ni tatu na nukta tatu,
na hapo ndipo mafundi wengi wanapouza roho zao,
wanatoa mbili na nusu kwa sababu ni rahisi mfukoni.
Toa nne.
Kumi ni tano na robo. Toa sita.
Mteja akilalamika bei, mwonyeshe msumari.

Bi Havijawa hakupaka rangi ule ukuta.
Anasema alama ile inamkumbusha kuzima.
Kila Ijumaa hunitumia mkate, wa moto,
na kila Ijumaa naukata nikiwa nimeinamisha kichwa.

Haya, futa mikono. Kuna kijana pale kaunta
ana mashine ya kufua ya shangazi yake, imetoka Texas,
anataka waya, anasema, "Nane tu, fundi, fasta."
Usiguse roli.
Kwanza muulize kwa adabu:
nane ya nani?