Mama Ntilie

Jina lake rasmi limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe;
sisi wa gatini Mtwara tunamwita Mama Ntilie.

Mimi Somoe Hokororo, karani wa hesabu,
nilimjaza kwa kalamu hii tangu alfajiri:
dizeli hadi mita ikakoroma,
maji ya kunywa, unga, vitunguu, dawa za malaria,
na barua moja ya Bi. Nambunga wa Chikongola
kwa mwanawe aliye kwenye boti ya doria.
Aliondoka amezama hadi kiunoni.

Bunduki yake ni moja, Koplo Likapa alinieleza,
nayo hurusha kamba tu.
Huko nje manowari hujongea ubavuni mwake,
huenda sambamba, mwendo mmoja,
kama wawili wabebao mtungi kwa mti mmoja,
bomba likining'inia kati yao.
Wa kuharakisha hayupo. Wa kuchelewa ndiye atakayelikata.

Leo amerudi.
Kabla sijashika karatasi nimeshajua:
tumbo lake jekundu liko juu, kavu kama ulimi.
Safu ya *Kilichobaki* naandika sifuri,
sifuri, vitunguu nusu gunia,
barua: imefika,
sifuri.

Kwenye mstari wa maji nikasita.
Hata ya mabaharia wake?
Nikamtazama Likapa. Midomo imempasuka,
chumvi imemganda kwenye nyusi.

"Ilikuja boti moja zaidi," akasema.
"Haikuwa kwenye orodha yako."

Nikaacha daftari wazi juu ya pipa,
nikaenda kufungua bomba.