Herufi Mbili Mlangoni

Mlangoni kwetu, kaskazini mwa Missouri,
kuna vibao viwili vya shaba, skrubu nne nne.
Cha kushoto: Prewitt, kisha M.D.
Cha kulia: Kolbeck, kisha D.O.
Fundi alitoza bei ile ile kwa kila herufi.

Mimi ni Verna, sauti ya simu.
Miaka kumi na tisa nyuma ya kioo hiki,
kalamu yangu nimeifunga uzi isitoroke na wagonjwa.
Dawa sizijui. Maswali nayajua.

"Huyo mama, ni daktari daktari?"
"Si ndiye yule wa kunyoosha mifupa?"
"Anaruhusiwa kuandika dawa, au ni chai ya majani tu?"
"Ile shule nyingine ilimkataa, sivyo?"

Ndiyo, daktari. Ndiyo, anaandika.
Wenye herufi kama zake wanapasua hata moyo.
Alisoma miaka ile ile, akasinzia juu ya vitabu vile vile,
na juu ya hapo saa mia mbili na ushei
akifundishwa kuusikiliza mgongo kwa vidole.

Upande wa pili, kimya. Halafu:
"Sawa, mama. Prewitt ana nafasi lini?"

Usiku, chemshabongo ikinishinda, huzichezea herufi hizo.
D.O., iongezee a: doa.
M.D., ivutevute kidogo: mdeni
(na mkopo wa chuo wote wawili bado wanaulipa).
Ziunganishe, zigawane D moja,
umeshaanza kuandika mdomo.

Na mdomo ndio mji wetu.
Kwa kinyozi, Kolbeck ni nusu daktari.
Kwa akina mama wa kwaya ya Kilutheri ana mikono ya miujiza:
wanamletea shingo, viuno, goti la mjomba,
wananuna wakipewa kidonge cha presha.
Nusu huku, miujiza kule.
Katikati yupo mwanamke mwenye vidole vya baridi
anayevipulizia pumzi kabla hajakugusa.

Februari ile Prewitt alikuwa Kansas City,
binti yake anashindana kuogelea.
Akaingia Orval Teeter, mkulima wa soya,
kifua kikikoroma kama trekta lisilotaka kuwaka.
"Nitangoja Jumatatu," alisema.
Lurleen, mkewe, akamsukuma kwa mkoba.

Kolbeck alimsikiliza, akampiga picha,
akaandika vidonge ambavyo Prewitt angeandika,
vile vile, vya njano.
Kisha akaweka viganja chini ya mbavu zake
dakika saba (mlango ulikuwa wazi kidogo, nilihesabu)
akingoja pumzi ishuke yenyewe.
Orval alitoka akifunga vifungo vya koti. Hakusema kitu.

Aprili alipiga simu.
"Niandike kwa Prewitt."
Nikamwandika.
Hakukata.
"Na yule mama," akasema, "hajambo?"

Wala mimi nisijitie usafi.
Mwaka Kolbeck alipofika, mwanangu Dwight
aliamka analia, sikio linatoa usaha.
Kitabu cha miadi kilikuwa wazi mbele yangu, safu zote mbili tupu.
Mkono ukaenda kushoto wenyewe,
kama ng'ombe ajuaye zizi lake.
Kolbeck alikuwa nyuma yangu na kahawa yake.
Aliona.
"Ukifika nyumbani," alisema,
"mwekee kitambaa cha uvuguvugu, kitampoza."
Akaenda zake, na kikombe hakikutikisika.
Nimesubiri anikumbushe. Hajanikumbusha.

Leo theluji imefunika vibao vyote viwili,
mlango hauna jina wala herufi,
na tayari watu watatu wanagonga miguu kizingitini, wanakohoa.
Navipangusa kwa mkono wa sweta,
nikianza na cha kulia.
Ndani, simu inaita.