Pawa Kumi na Sita

Gurudumu lilikuwa diski ya klachi
ya lori la Kirusi
lililofia kona ya daraja mwaka niliozaliwa;
tangu hapo kuku wakalifanya nyumba.
Mota tuliing'oa kwenye mashine ya kufulia
ya binamu yake mama, aliyehamia Moscow
akatuachia funguo na panya.
Bomba lilikuwa la kunyweshea viazi.
Beringi mbili tulizilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha,
asubuhi zikakubali kuzunguka,
kwa manung'uniko.

Kilichokosekana ni vikombe vya kupigwa na maji.
Mjomba Qozibek alishinda akirandaranda, penseli sikioni,
hadi mama, akipakua uji wa forsadi,
aliposimamisha upawa hewani
akautazama
kama mtu aliyesikia akiitwa jina.

Pawa, basi.
Mjomba akatoboa diski mahali kumi na sita
kabla hatujaomba hata mmoja.

Nilitumwa mlango kwa mlango na gunia,
theluji ikinifika magotini.
Wako waliotoa wakicheka.
Wako waliotoa uliotoboka.
Mke wa Davlatnazar alitoa mbili, akaninong'oneza:
mmoja ni wa mavyaa, usiseme.
Bibi Nozanin alizungumza kupitia ufa wa mlango:
"Upawa huu umepakua harusi yangu
na matanga ya mume wangu.
Mkiuchukua nitapakulia nini? Taa?"

Tukajaribu na kumi na tano.
Chemchemi ya juu ya makaburi haigandi hata Januari;
ikashuka bombani mita ishirini na tatu,
ikabanwa mdomoni,
ikatoka nyembamba, kali kama ulimi wa shangazi.
Gurudumu likashtuka, likakimbia,
na kila lilipofika penye pengo
likachechemea:
tik, tik, tik, TAKA,
tik, tik, tik, TAKA,
boriti ikatetemeka, nati ikaruka ikazama thelujini,
na mjomba akalaani kwa Kirusi,
lugha aliyoiweka akiba kwa kazi hiyo tu.

Siku tatu hakuna aliyelitaja pengo.
Bonde la Bartang lilijaa giza mapema,
giza lile la saa kumi alasiri,
milima ikiegemeana kama watu waliochoka kusubiri.
Tulikula kwa kuchota na vikombe.

Ya nne, nikimshikia mjomba tochi,
mlango ulifunguliwa bila hodi.
Bibi Nozanin hakusalimu.
Alitoa upawa chini ya shela, akauweka mezani.
Mpini alikwisha kuukata mwenyewe
kwa msumeno wa chuma, vibaya,
kidole kimefungwa kitambaa.
"Mpini nimebaki nao," akasema.
"Nitakorogea."

Balbu ya kwanza haikuja kwa fahari.
Iliona haya kwanza, nyekundu kama kaa linalozimika,
kisha manjano,
kisha ikatuumbua:
masizi ya darini, kiraka juu ya kiraka cha godoro,
na mvi za mama,
ambazo miaka yote nilidhani ni unga.
Mama akajipapasa nywele.
Akasema, "Zimeni kidogo."
Tukazima kidogo.
Tukawasha tena.

Sasa kila Ijumaa mjomba hufunga maji
aondoe barafu na vijiti.
Bibi Nozanin huja na ule mpini,
huzigusa pawa moja moja kwa ncha yake,
midomo ikihesabu,
maana zikikimbia haujulikani wake ni upi,
zote ni duara moja la fedha.
Akiufikia huinama.
Mchanga wa chemchemi umeulamba ukingo,
umekuwa mwembamba kama ganda la yai.
"Umekonda," huuambia,
huupangusa kwa pindo la shela,
husogea kando asirukiwe na maji,
humgeukia mjomba:
"Haya. Fungulia."