Kizingiti, Keko

Seli ya fahamu niliyoiandika kwa namba
haishtuki. Nimeinong'oneza
ishara ndogo, chini ya kizingiti chake;
mstari kwenye skrini umelala kama mkeka.

Basi namwagia kelele, namba za bahati nasibu,
kidogo, kama chumvi.
Ta. Kimya. Ta, ta.
Mnong'ono umepanda mgongoni mwa ghasia, ukavuka.
Nikizidisha, unazama.

Chumba cha pili, baba kafumba macho.
Kiharusi kimemwachia mkono usiosikia.
Jana, Jumapili, karakana zimefungwa,
nilimgusa kidole kwa unyoya: wapi.

Saa moja, msumeno wa Mkude unanguruma ukutani,
kitanda alichokiranda mwenyewe kinatetemeka.
Namgusa tena, kwa unyoya uleule.

"Nani huyo?"